Mafuta ya Jumamosi

Jumapili moja asubuhi mume wangu alikuwa ndani anakunywa chai, na mimi niko nje kwenye gari, nimekaa kiti cha dereva, nimezungusha swichi bila kuwasha injini, nakodolea mshale wa mafuta. Ibada inaanza saa moja na nusu, sijaoga, kanga bado iko kifuani. Ijumaa jioni tenki lilikuwa limejaa. Sasa mshale umelala chini ya nusu, na gari limekwenda Kitaya na kurudi tu. Nikajisemea hapana, hapa kuna mtu ananichezea.

Niseme ukweli, mimi si mtu wa kutulia. Hata nikikaa mguu unatikisika, na wanafunzi wangu wanaujua huo mguu kuliko wanavyoijua fizikia ninayowafundisha. Kwetu ni nyanda za juu, kwenye baridi. Barua ya uhamisho ndiyo iliyonileta Mtwara, nikaolewa na mtu wa Kitaya, kule mto Ruvuma unakotugawa na Msumbiji. Anafanya kazi bandarini. Maneno yake ni machache, mwaka wa kwanza wa ndoa nilidhani amenuna. Jumamosi ambayo hana zamu huchukua gari alfajiri, anakwenda kwa mama yake, anarudi magharibi. Miaka yote sikuona ubaya wowote. Mimi Jumamosi nina madaftari ya kusahihisha, nina nguo za kufua, jioni kwaya.

Gari lenyewe ni kuukuu, la Kijapani, lenye turbo, ule mtambo unaoisukumia injini hewa ya ziada ili ipate nguvu. Ukikanyaga, linavuma na kuondoka. Namba za kilomita kwenye dashibodi zilikwisha kufa kabla hatujalinunua, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kunieleza limetembea umbali gani. Shahidi wangu alikuwa mafuta peke yake. Na mafuta, tangu msimu ule wa korosho uanze, yalikuwa hayakai.

Kwanza nilidhani yanavuja. Nikatandika maboksi chini ya gari siku tatu mfululizo. Makavu. Basi, kama hayamwagiki, yanakwenda wapi? Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kazi yake. Nilimtengenezea mwanamke mahali fulani kati ya Mtwara na Kitaya. Nikamjengea nyumba ya bati, nikampa duka la vocha, nikampa na mtoto mwenye masikio ya mume wangu. Usiku sikulala vizuri, mchana nafundisha nguvu za msukumo huku namwona huyo mwanamke anapepeta mchele.

Nikaanza kumhoji mume wangu kwa mbali. Barabara ikoje? Nzuri. Ulipitia wapi? Njia ile ile. Uliwasha kiyoyozi? Sikuwasha. Akivua shati nanusa kola, nakuta moshi wa kuni na jasho lake. Moshi wa kuni nao ukanikasirisha, maana hata huyo mwanamke wangu alikuwa anapikia kuni.

Jumamosi moja jioni nikashindwa kujizuia. Tulikuwa mezani wawili tu, watoto wako bweni. Nikamwambia aache kunizungusha, amlete huyo mtu wake nimwone, nijue moja. Sauti yangu nadhani jirani aliisikia. Mume wangu aliweka kijiko chini.

"Lipeleke gari gereji," akasema.

Akainuka, akaenda kukaa barazani. Kuanzia hapo akala jiwe. Salamu aliitikia, chakula alikula, lakini zaidi ya hayo, ng'o.

Nililipeleka. Lakini sikwenda kutafuta ubovu. Nilikwenda kutafuta fundi atakayeniambia gari ni zima kabisa, ili nikirudi nyumbani mtu asiwe na pa kujifichia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, akakung'uta chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu, akajaza upepo kwenye matairi. Jumamosi ikaja, mafuta yakaenda vile vile. Wa pili aligundua bomba la turbo lina ufa, hewa inatorokea pembeni, akaweka jipya. Gari likapata nguvu mpya, na Jumapili mshale ukawa pale pale chini. Kila nilipouona nilipata furaha fulani mbaya, furaha ya kuwa na haki. Halafu nikaingia ndani kujifungia chooni kulia. Sikutaka kuwa na haki. Nilitaka mume wangu.

Fundi wa tatu alikuwa mzee mmoja wa Likombe, gereji yake ni uwanja wa nyumba na mashine moja ya kupimia. Alinisikiliza mpaka mwisho, hata yale yasiyomhusu. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuliendesha mwenyewe, umbali ninaoujua, na kupima limekula kiasi gani. Miaka mingapi nawaambia watoto wa watu kwamba kipimo kimoja si jaribio, na mimi nilikuwa sijafanya hata kimoja.

Tukajaza tenki pomoni. Nikaendesha mwenyewe hadi Mikindani, nikaendelea mbele kwenye barabara ya Lindi, simu ikinihesabia kilomita, nikarudi kituo kile kile na kujaza tena. Mzee alipiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Gari lilikuwa linabugia karibu mara mbili ya inavyopaswa, na dereva ni mimi, peke yangu, bila mwanamke yeyote njiani.

Nikakaa juu ya tairi bovu lililokuwa pale.

Mzee aliniambia niliache gari lipoe, nirudi kesho. Nilipokwenda aliwasha injini, akauweka mkono wangu kwenye bomba la juu linalopeleka maji kwenye rejeta. Injini ikiwa ya baridi, bomba lile halipaswi kupata moto mapema. Maji yanazuiwa kwanza ndani mpaka injini ipate moto vizuri, na kinachoyazuia ni kidude kinachoitwa thamostati. Bomba lile lilianza kupata uvuguvugu pale pale, taratibu, na halikuzidi hapo.

"Mwalimu, thamostati haimo," akasema. "Imetolewa."

Akanieleza kwa upole kwamba injini haipati joto lake, na kompyuta ya gari, ikiona baridi, inazidi kumimina petroli, kama mpishi anayeongeza kuni kwa sababu sufuria haichemki. Asubuhi hadi jioni gari linaishi kama ndiyo kwanza limeamka. Akaniuliza ni nani aliyeitoa.

Nilimjua. Joto lilipoanza mwaka ule gari lilichemka njiani, nina wanakwaya wanne ndani, tunatoka mazoezini. Fundi wa barabarani akasema yale yanayosemwa pwani yote: thamostati ni ya nchi za baridi, huku inaziba maji bure. Mimi, mtoto wa baridi, nikaona ametoa neno la maana. Nikamwambia itoe, itupe. Nikajisifu hata ofisini kwa walimu kwamba gari langu halichemki tena. Mshale wa joto ulikuwa pembeni kabisa ya ule wa mafuta, umelala chini miezi yote, na mimi nimeupita kila Jumapili.

Mzee akafunga thamostati mpya. Jumamosi iliyofuata nilimwahi mume wangu kabla hajaondoka, nikasimama mbele ya mlango wa gari na kumweleza yote bila kujitetea. Nikamwomba msamaha. Alinisikiliza, akafuta kioo kwa kitambaa, akakikunja.

"Umepima gari, umenusa shati," akasema. "Mimi hujaniuliza naenda kufanya nini."

Ni kweli. Maswali yote yale, hilo halikuwemo. Basi nikamuuliza, huwa unafanya nini Kitaya.

"Nalala," akasema. "Mama ananitandikia mkeka uani, anawafukuza kuku, nalala mpaka alasiri. Nikiamka ananipa uji, narudi."

Alisema bila kunilaumu, kama mtu anayetaja njia anayopita. Tuna kitanda cha sita kwa sita, godoro lake sikumruhusu mtu kulikalia mwaka mzima. Nilitaka kumuuliza kwa nini asilale hapa nyumbani kwake, na neno lilikwisha fika mdomoni. Nikaona jibu lake limesimama mbele ya mlango wa gari, kanga kifuani, mguu mmoja unatikisika. Nikampisha.