Nusu ya Maneno ya Mtu wa Zagayu

Filamu ile ilionyeshwa Bariadi kwa siku tatu mfululizo, mchana, katika ukumbi ambao siku nyingine hukodishwa kwa harusi. Ilihusu maisha ya kiongozi mmoja wa kanda yetu aliyefariki miaka michache iliyopita. Jina lake sitaliandika, wala la mtu mwingine yeyote, maana waliohusika bado wapo na wajukuu wao wanasoma shule hizi hizi. Wakati huo nilikuwa mtangazaji katika redio ndogo ya hapa mjini. Kazi niliyopewa ilikuwa kusimama mlangoni watu wanapotoka, kuwauliza wameionaje filamu, kisha kutengeneza kipindi cha dakika kumi na tano.

Watu walikuwa wengi kuliko viti. Mwalimu mmoja mstaafu aliniambia mwigizaji ni mrefu mno, marehemu hakuwa na urefu ule. Mkulima wa pamba alitaka kujua kwa nini filamu nzima haikugusa habari za mbegu. Mama mmoja alisema amelia kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaongeza kuwa yeye hulia hata kwenye harusi. Nilirekodi yote, na jioni ya siku ya kwanza nikaona sina kitu cha kumshtua mtu yeyote.

Siku ya pili akatoka mwanamume wa makamo, kofia mkononi. Alikaa pembeni akasubiri wenzake wamalize, ndipo akanisogelea.

"Mwadila, binti," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Filamu umeionaje?"

"Mimi nimetoka Zagayu," alisema. "Ile sehemu ya lambo, yule mzee ni baba yangu."

Nikasogeza kinasa sauti karibu na mdomo wake. Sehemu hiyo niliikumbuka vizuri. Kiongozi anafika kijijini kuwaomba wafugaji waachie bonde moja la malisho ili lichimbwe lambo. Mzee mmoja anakataa, anasema wazazi wake wamezikwa pale. Kiongozi anaketi naye, anamtania kwa Kisukuma, mzee anacheka na wanapeana mikono. Ukumbi ulikuwa umepiga makofi.

"Baba hakucheka," alisema yule mtu. "Nilikuwepo, nilikuwa kijana wa kuoa. Baba alikataa mpaka mwisho, wakaja na mgambo, tukahamishwa. Alilia mbele yetu sisi watoto wake. Filamu imedanganya pale."

Nilidhani amemaliza, nikapeleka kidole kwenye kitufe.

"Subiri, sijamaliza," alisema. "Baba alipofariki, yule kiongozi alikuja msibani peke yake, hana msafara. Akakaa chini na sisi kwenye mchanga tangu asubuhi mpaka jua linazama. Akamwambia mama, nilimkosea mume wako, naomba unisamehe. Mama akamsamehe. Tangu hapo mke wake na mama yangu wakawa kama wamezaliwa tumbo moja. Na maji ya lambo lile tunakunywa, ng'ombe wanakunywa, mimi mwenyewe ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Hilo la msibani ndilo kubwa, nao hawakulionyesha. Wangelionyesha hilo, wasingehitaji kumchekesha baba."

Akanishukuru kwa kumsikiliza, akavaa kofia yake na kuondoka.

Ofisini nilimchezea mhariri maneno yale. Alisikiliza mwanzo tu, akagonga meza kwa kalamu. "Huyu ndiye wa kufungulia kipindi. Lakini mpe sekunde thelathini, watu ni wengi." Hakuniambia nikate wapi. Hapo nilichagua mwenyewe, nikakata baada ya neno "pale". Nilisikiliza mara mbili na nikakiri moyoni kwamba imekaa vizuri. Sehemu ya pili nikajiambia nitaitumia wiki ijayo, kwenye kipindi kingine.

Kipindi kiliporuka, simu za studio hazikupumzika. Wapo waliosema mtu wa Zagayu ni shujaa, wapo waliosema ni mtu asiye na shukrani. Kipande kile cha sauti kikaingia kwenye makundi ya WhatsApp, na baada ya siku mbili nikakisikia kikichezwa kwenye duka la vocha sokoni. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi sana. Wiki iliyofuata nilitumwa kurekodi kikao cha madiwani, kinasa sauti kikawa kimejaa, nikafuta vya zamani bila kuvipitia.

Mwezi haukwisha, akanipigia simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Binti, mimi ni yule wa filamu. Yale mengine yako wapi?"

Nikamweleza habari za muda wa kipindi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama nilivyopaswa kumsikiliza yeye.

"Mama hazungumzi na mimi," alisema. "Anasema nimemtukana mtu ambaye yeye amekwisha kumsamehe." Kisha simu ikakatika, sijui kama aliikata au salio lilikwisha.

Jumamosi nilichukua bodaboda mpaka Zagayu. Nilimkuta mama yake ameketi uani akipeta choroko. Mwanawe alikuwa zizini akiziba pengo kwenye ua wa miiba. Alinipokea kwa adabu, akaniletea kigoda na maji, na hapo nikayajua yote. Wanakijiji waliitisha mkutano. Walimwambia kama lambo limeletwa kwa mabavu, basi asiwe yeye wa kulisimamia. Akawakabidhi daftari la kamati na ufunguo wa geti. Na mjane wa kiongozi, aliyekuwa akituma dagaa kutoka Nassa kila alipopata mtu wa kuja huku, alikuwa kimya tangu kipindi kiliporuka.

"Nimekuja na kinasa sauti," nilisema. "Tuseme upya, baba. Nitarusha yote, sitapunguza hata neno."

Akatikisa kichwa. "Nikisema leo watasema nimetishwa. Au nimelipwa. Ilifaa nisikike siku ile. Ile ya kwanza huna?"

"Nimeifuta."

Hakugomba. Aliitazama mikono yake iliyochubuliwa na miiba, akarudi zizini kumalizia kazi. Heri angegomba.

Nikahamia kwa mama yake. Nikapiga magoti, nikamweleza kwa Kisukuma kwamba mwanawe alisema mema yote ya msibani, na mimi ndiye niliyeyatoa. Uteo wake ulisimama hewani.

"Wewe ni mtoto wa wapi?" aliniuliza.

"Wa Lalago, mayu. Wazazi wangu ni wafugaji."

"Kwenu mtu akiongea hamumngoji amalize?"

Akaendelea kupeta. Lakini nilipokuwa naondoka nilimsikia akimwita mwanawe aje ale, na yule bodaboda aliyenileta, ambaye ni wa kijiji hicho, akaniambia hajamsikia akimwita kwa wiki tatu.

Siku chache baadaye nikaenda Nassa kwa mjane. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Alinikaribisha sebuleni, akanyamaza mpaka nikamaliza kusimulia, kisha akauliza, "Alisema na hilo la kukaa mchangani?"

"Alisema, mayu. Alisema ndilo kubwa kuliko yote."

Mama yule akanyoosha kitambaa cha kochi ambacho hakikuwa kimekunjamana.

"Waliotengeneza filamu walikuja hapa," alisema. "Niliwasimulia msiba ule wote. Halafu usiku sikulala, asubuhi nikawapigia nikawaambia wasiweke. Niliona watu watamdharau, mtu mzima na cheo chake, ameketi chini anaomba radhi. Wakaniuliza, sasa tuweke nini? Nikawaambia wekeni wanacheka."

Nilikuwa nimeenda pale nikidhani mkosaji ni mmoja. Tulikaa wawili sebuleni, chai ikapoa.

"Alirudi siku ile suruali imejaa mchanga," alisema baadaye. "Nilimfulia mwenyewe. Sikumwona ameshuka hata kidogo. Sijui kwa nini nilidhani wengine watamwona hivyo."

Wiki iliyofuata alikwenda Zagayu, na aliniomba nimsindikize. Wale mama wawili walishikana mikono muda mrefu, kisha wakaingia ndani, mimi nikabaki uani na mtu wa Zagayu. Kupitia mlangoni nilisikia mjane akilia, na yule mwenzake akimbembeleza kama mtoto. Walipotoka walikuwa wanazungumza habari za michembe, nani ana viazi vya kukausha mwaka huu na nani hana. Kati yao mambo yalitengenea.

Kwa upande wa mtu yule hayakutengenea. Niliandika maelezo ya kuomba radhi, mhariri akanipa nusu dakika kabla ya bei za mazao. Niliyasoma kwa sauti yangu, nikataja kwamba mtu wa Zagayu alisema zaidi ya tulichorusha, na kwamba kosa ni langu. Sikukisikia kipande hicho kwenye duka lolote la vocha. Kamati ya lambo ilikuwa imekwisha kupata mwenyekiti mwingine, kijana mwenye maneno mengi, na hakuna aliyeona haja ya kuitisha mkutano mara ya pili. Mjane aliwapigia watu wa filamu akiomba kile kipande cha msiba kitafutiwe mahali. Walimjibu kwa heshima kwamba kazi imeshakwisha na waigizaji wametawanyika.

Mimi niliacha redio mwaka huo huo. Sikufukuzwa. Kila nikikaa mbele ya kompyuta kukata sauti ya mtu mkono ulikuwa unasita, na kazi ile haimngoji anayesita.

Mara ya mwisho nilimwona mtu wa Zagayu kwenye mnada Lalago, nilipokwenda kuwasalimu wazazi. Alikuwa ameleta dume moja jeusi. Tuliamkiana, akaniuliza hali ya baba na mama, nikamuuliza ya kwake. Alisema mama yake ameanza kuchoka macho lakini anakula. Tukazungumza mvua, jinsi ilivyoruka vijiji vya kwao na kunyesha kwa jirani. Nilitaka kumuuliza kama amenisamehe. Nikaona haya. Baba yake aliombwa bonde, mama yake akaombwa msamaha, na mimi nilikuwa nimeshachukua kwake vya kutosha. Mnunuzi akamwita kutoka upande wa pili wa uzio. Akaniaga kwa kugusa kofia, akaenda kumfungua ng'ombe wake.