Jina Chini ya Kiraka

Kosa langu lilikuwa kufanyia jikoni kazi ya dunia nzima.

Nasema jikoni nikimaanisha jikoni: nyumba ya mtu kule Lakeville, nje kidogo ya Minneapolis, sukuma wiki inakatwa, watoto wetu wanagombana kwa Kiingereza sebuleni. Mwenye nyumba alikuwa Mkenya mwenzangu. Ndiye aliyeniingiza kwenye kampuni ya Minneapolis tunakoandika programu za swichi za mtandao, vile visanduku vyenye safu za matundu ya nyaya. Ndiye pia baba wa ubatizo wa binti yangu. Nilimwita kaka, na sikuwa najipendekeza.

Shida tuliyopewa ilikuwa hii. Ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, kwenye kiini chake, kuna sehemu inayoiamrisha swichi: ongeza anwani hii, funga mlango ule. Wakati mwingine inatoa amri huku imeshika kufuli, yaani imewazuia wengine wasiguse kitu, na aliyeshika kufuli ya aina hiyo haruhusiwi kusubiri hata kidogo. Akisinzia, mashine yote inaweza kukwama. Sasa chipu ya swichi nayo ni ya pole pole. Haijibu mpaka uisubiri.

Kwa hiyo amri inawekwa kwenye foleni, aliyeileta anaambiwa "sawa" na anaenda zake, halafu mwingine asiyeshika kufuli hiyo anakuja kuitekeleza baadaye. Kusema ni rahisi. Mimi ndiye niliyeona mashimo. La kwanza, amri lazima inakiliwe yote, maana aliyeileta anaweza kuifuta kabla zamu yake haijafika. La pili lilinila wiki tatu: umeshamwambia mtu "sawa", kisha chipu inakataa. Utamrudia na uso gani? Keshaondoka! Nikasema, kabla ya kupanga foleni tumuulize kwanza draiva, ile programu ndogo inayoiendesha chipu, kama chipu yake ina uwezo huo. Hilo analijua bila kusubiri chochote. Kama haina, tukatae papo hapo.

Kaka aliinua mikono yenye unga wa ugali. "Aki dada, wewe ni moto!"

Msimbo wa kiini si mali ya kampuni yoyote. Unautuma kwenye orodha ya barua pepe inayosomwa na dunia nzima, na kila badiliko, tunaliita kiraka, lina jina la aliyelitunga, na chini yake mistari ya majina ya waliosaidia. Kule hakuna cha kusema "hata mimi nilikuwepo". Kisichoandikwa kwenye orodha hakikutokea. Nilijua hayo vizuri, lakini nilikuwa mwoga. Watu wa kule wana ulimi. Nilishasoma mtu mzima akiambiwa hadharani kwamba kazi yake ni takataka. Kaka akasema, "Wacha nitume mimi, wananijua. Jina lako nitaliweka, si wewe ni wangu?" Nikasema tuma.

Tena nilikuwa na sababu ya kulihitaji jina hilo. Bosi alikuwa anatafuta mtu wa kuongoza kazi hiyo, na nilikuwa nimeomba. Kaka mwenyewe ndiye aliyenisukuma. "Omba wewe," aliniambia. "Mimi mikutano itaniua."

Kiraka nilikisoma kwenye basi asubuhi nikitoka kwangu Richfield. Nikateremka mpaka chini: jina lake. Nikarudi juu, nikateremka tena. Jina lake peke yake. Maelezo yalikuwa yangu, sentensi kwa sentensi, tofauti ni kwamba yalikuwa yametafsiriwa kwa Kiingereza.

Nikampigia. "Ah, jameni, nilisahau! Kwenye toleo la pili nitaliweka." Toleo la pili likaja bila jina. La tatu likaja bila jina, na hilo likapokelewa, na kiraka kikishapokelewa historia haiguswi tena. Bado nilimtetea. Nilimwambia mume wangu ni haraka tu, mtu ana mambo mengi. Mume wangu akaniangalia, akaendelea kupiga pasi. Mjinga mimi.

Bosi alituita wote wawili chumba kimoja, na hapo ndipo nilipojua kwamba kaka naye ameomba. Bosi, Mzungu mpole, alisema amepitia historia ya msimbo na jina langu hajaliona kwenye ile foleni. Nilihusika vipi? Nikageuka kumwangalia kaka. Nilimpa nafasi, Mungu ni shahidi. Akakizungusha kikombe chake cha kahawa, akasema kwa Kiingereza laini, "Alinisaidia kuijaribu. Ana bidii sana."

Kuijaribu! Nikasema kazi ni yangu, nikajisikia nikisikika kama mtu mwenye wivu. Bosi akauliza kama nina barua yoyote, ujumbe wowote wa kuonyesha. Ningeonyesha nini? Tulikuwa tumepanga kila kitu kwa mdomo, kwa Kiswahili, tukikata mboga.

Kaka alinifuata kwenye korido. "Dada yangu, usikasirike. Mkenya mmoja akipanda hapa, sote tumepanda."

"Basi si ungeniacha nipande mimi."

Alitazama simu yake.

Mama yangu, nilipomsimulia, alisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwambia, mama, hii nguo niliivaa nikaifunga na vifungo.

Baada ya wiki mbili kaka akawa mkubwa wangu. Barua yake ya kwanza ilinitaka nimwandikie maelezo ya foleni, kwa sababu mtu ameuliza kwenye orodha na yeye hana muda. Hana muda! Nikaenda kuangalia. Swali lilikuwa limekaa siku tano hadharani: kwa nini mnamuuliza draiva kwanza kabla ya kupanga foleni? Hakujua. Alikuwa amebeba jibu bila kulielewa.

Sikumwandikia. Nilijibu mwenyewe kule kwenye orodha, aya tatu, na mwishoni nikaweka majina yangu yote matatu. Kisha nikaenda chooni nikalia, maana nilikuwa bado nampenda.