Adamu wa Migombani

Babu yetu Hironimus tulimzika Mpitimbi juma lililopita. Padri alipoomba neno la familia, nilisimama nikalia tu, nikakaa. Basi naandika hapa nililotaka kusema: jinsi babu alivyookolewa akiwa uchi.

Wakati wa vita vya Maji Maji alikuwa kijana, bado hajabatizwa. Alinyunyiziwa dawa kama wenzake, akaahidiwa kwamba risasi za Mdachi zitageuka maji. Ya kwanza ilipita karibu na sikio lake, na babu alituapia kwamba haikuwa na unyevu hata kidogo. Akakimbia. Wenzake wengi hawakukimbia, wala hawakurudi, na juu ya hao hakufanya mzaha kamwe. Mbio zake mwenyewe alizicheka. Kaniki yake ilinaswa na miiba. Akadhani ni askari amemshika, akamwomba radhi bila kugeuka nyuma, kisha akamwachia nguo.

Alfajiri alijificha kwenye migomba ya katekista mmoja aitwaye Isidori. Askari walikuwa wakisaka kila aliyepigana, na aliyekamatwa alipelekwa bomani kunyongwa. Kwa hiyo babu alinuia kukaa kimya humo mpaka giza liingie. Njaa ilipomzidi akala ndizi, mbichi vivyo hivyo.

Jua lilipotoka Isidori akakaa uani na wanafunzi wake, wengi wao bibi vizee, akawafundisha habari za bustani ya Edeni. Alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe. Akanguruma, "Adamu, uko wapi?"

Kiswahili cha babu kilikuwa cha kuokota kwa wachuuzi wa Kilwa. Alijua binadamu ni mtu, akaona basi Adamu ni mtu yeyote anayetafutwa.

"Niko huku migombani, bwana," akajibu. "Naogopa kutoka, sina nguo."

Isidori alikuwa amefundisha somo lile miaka kadhaa na hakuwahi kujibiwa. Kwa mshtuko akaendelea nalo tu, maana hakuwa na maneno mengine kichwani.

"Nani aliyekuambia kuwa u uchi?"

"Baridi."

"Je, umekula matunda niliyokukataza?"

"Nimekula ndizi. Sikujua zimekatazwa."

"Nani amekupa?"

Babu akasema hakupewa na mtu, amechuma mwenyewe. Bibi mmoja, Lidwina, akawaambia wenzake kwamba huyu Adamu ana nafuu kuliko yule wa kwanza, kwani hajamsingizia mke. Uani pote wakacheka.

Isidori hakucheka. Alivua kanzu yake, nayo hakuwa na nyingine, akamrushia. Yeye akabaki na kipande cha nguo ya gome la mti kiunoni. Babu alikuwa bado anaitafuta mikono ya kanzu askari wawili walipotokea. Wakamwamkia aliyevaa kanzu, wakamkamata aliye nusu uchi.

"Mwalimu, huyu unamjua?" mmoja akamuuliza babu.

Babu alikuwa akituambia kwamba hapo ndipo alipojaribiwa kama Adamu, si migombani. Angenyamaza, angepona. Alimtazama Isidori, akingoja amtaje. Isidori hakumtaja. Akainamisha kichwa tu, mikono imeshikwa nyuma, na babu akaona aibu ambayo hata kanzu haikuweza kuifunika.

"Mwalimu ni huyo," akasema. "Mimi nilikuwa uchi, yeye akanivika. Anayefaa kufungwa ni mimi."

Askari mmoja akahema. Akamwambia mwenzake kwamba hawa wote wawili ni watu wa misheni, na ndivyo walivyo, ukiwauliza jambo dogo unahubiriwa. Wakamwachia Isidori, wakabeba mkungu wa ndizi, wakashika njia ya Songea.

Isidori akaiomba kanzu yake. Babu akamwambia somo halijaisha. Anataka kujua yule Adamu alivikwa nini.

"Ngozi. Mungu mwenyewe alimvika."

"Na aliyemvika alibaki na nini?"

Isidori akajitazama kiunoni. Akasema jibu la swali hilo ni refu, aje kesho. Babu akaja kesho, na keshokutwa, mpaka akabatizwa.