Kadi Iliyopigwa Pasi

Mama Picha alikuwa na hisa za kampuni inayotengeneza memori kadi, na hapo usimguse. Sababu yake mtaa mzima ulishaisikia mpaka ukaichoka. Miaka saba nyuma alisahau kadi mfukoni mwa gauni. Gauni likafuliwa, likaanikwa, pasi ikapita juu yake, na bado picha za harusi ya watu zikatoka zote, hata bibi harusi anayesinzia. Wiki ile ile akanunua hisa. "Kitu kilichonusurika na pasi," alikuwa akisema, "kitanifikisha mbali."

Na kweli, hisa zilipanda. Sasa mwenye nyumba alikuwa anauza chumba alichompangisha Mama Picha kwa studio yake ya picha, na asipolipwa kufikia Ijumaa, anampa muuza simu. Chumba chenyewe kidogo, lakini ukuta wa buluu aliupaka yeye kwa mkono wake, na nusu ya mtaa ilipigiwa hapo picha za pasipoti. Kukihama? Thubutu! Mumewe, mtunza stoo, alitaka wauze hisa wakinunue. Yeye aliona bora wakope benki, chumba kiwe dhamana, hisa ziendelee kunenepa.

Jumatano ripoti ya robo mwaka ikatoka. Mama Picha akaisoma kwenye kompyuta ya studio, miwani puani, kalamu sikioni. Faida imepanda kwa theluthi! Gawio limeongezwa! Akapiga kofi mezani.

"Baba watoto, njoo uone! Si ulisema niuze? Haya, kiko wapi?"

Mume alikuwa kwenye kiti cha wateja, miguu kainyoosha. Hakuinuka. "Hongera. Zimeuzwa kadi ngapi?"

"Nakwambia faida imepanda, wewe unaniuliza ngapi!"

"Mimi stoo naangalia kinachotoka mlangoni. Mengine nawaachia wahasibu."

"Makubwa haya!" Akacheka, akashuka kurasa za chini ili amfunge mdomo. Huko akakuta kadi zinazouzwa zinapungua robo baada ya robo. Faida ilitokana na kupandisha bei na kufunga kiwanda kimoja. Hakutishika. "Watu wamebana matumizi tu. Wapiga picha lazima tutanunua. Tusiponunua sisi, atanunua nani?"

"Wewe umenunua lini?"

Mama Picha akanyoosha mkono mezani. Akaichukua kamera, akaichomoa kadi. Ilikuwa ile ile, kona imepinda kidogo kwa moto wa pasi.

"Ala!"

Miaka yote hiyo kampuni haijaona hata senti yake ya kununua kadi nyingine, na mpenzi kumzidi yeye haina. Aibu ikamshika kidogo, kisha kicheko kikaifukuza, akacheka mpaka miwani ikaanguka. Mumewe naye akacheka, ila kwa adabu, maana chakula cha jioni kilikuwa hakijapikwa.

Hapo hapo akampigia simu dalali wake wa hisa.

"Uza zote, mwanangu."

"Zote? Mama, ripoti ni nzuri mno, watu wanagombania kununua!"

"Ndiyo maana nauza leo. Nina chumba cha kulipia."

"Kwani hiyo kadi yao umeiona kasoro gani?"

Mama Picha akairudisha kadi kwenye kamera, ikaingia kwa mlio wake ule ule wa siku zote.

"Haiharibiki," akasema.