Mshahara Wangu wa Maharage

Leo nimekamatwa sokoni Nyakahura, na wala si polisi aliyenikamata!

Nilikuwa napimiwa maharage, huku nawaambia vijana kwamba mastaa wa siku hizi wanalipwa kwa kelele tu. Mimi timu ya kambi ya wakimbizi ya Lukole ilinisajili kutoka kijiji cha Ntobeye kwa debe la maharage kila mechi! Mashabiki wa kambini walikuwa wanachanga kikombe kikombe kutoka kwenye mgao wao.

Shuti langu moja lilivuka mpaka wa Burundi bila kibali. Sitanii.

Vijana hoi kwa kicheko!

Mama muuzaji akaacha kupima.

"Kumbe wewe ndiye yule wa Ntobeye?"

"Shikamoo mama. Ndiye mwenyewe!"

"Marahaba. Siku ya fainali wenzako walikunyima pasi, maana wao hawakulipwa hata punje. Ukapewa penalti, ukapiga mawinguni. Kwangu kule kambini tulikula ugali mkavu, kikombe changu cha maharage ulikula wewe."

Jamani, siku ile kulikuwa na upepo!

Mama akachota kikombe kimoja kwenye mfuko wangu, akakirudisha guniani.

"Haya, nenda staa."

Vijana wakamshangilia yeye.

Mngekuwa nyie mngebisha? Semeni hapo chini.

Ila kama na wewe ulichanga, usinitafute, mimi nimesafiri.