Miaka Yangu ya Kutazama Korongo Karagwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa vitu vinne: kaptula ya kaki iliyonipwaya kiunoni, daftari la jalada gumu, kopo lililotobolewa matundu kifunikoni, na fimbo yenye alama za inchi. Sikupewa jembe wala bunduki. Nilimtazama Mkaguzi wa Nzige, Mzungu mfupi aliyechechemea mguu wa kushoto, nikingoja anieleze kazi yenyewe. Akaniambia kazi ni kutembea.

Vijana wa leo mtacheka, na mimi nilicheka moyoni. Lakini ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya thelathini, na nzige walikuwa wamekwisha kututia adabu. Niliwahi kuona shamba la mtama la baba yangu likiliwa kati ya asubuhi na chakula cha mchana, likabaki mabua. Kwa hiyo serikali iliajiri watu kama mimi, tukaitwa watazamaji. Kila mmoja alikuwa na njia yake ya kupita kila siku. Yangu ilianzia vilima vya Mabira, na baadaye nikahamishiwa Kibingo.

Fimbo ilikuwa ya kuchimbia. Nzige hutaga mayai ardhini, ndani ya kifuko kinachofanana na povu lililokauka, na Mkaguzi alitaka kujua kina chake. Kopo lilikuwa la kubebea tunutu, yaani watoto wa nzige ambao bado hawana mabawa. Tunutu ndio wa kuwahi, kwa sababu wanatembea kwa miguu kama sisi. Wakiota mabawa, umechelewa.

Mkaguzi alikuwa na wazimu wake mmoja, nao ulikuwa ndege. Kila jioni nilipofungua daftari mbele yake, aliuliza kwanza ndege, kisha kila kitu nilichookota njiani: gamba la nyoka, mwiba wa nungunungu, unyoya, ganda la yai. Nikirudi mikono mitupu alinuna kama mtu aliyenyimwa chai. Nilidhani ni upweke wa mtu aliye mbali na kwao. Baada ya mwaka mmoja nilianza kuokota vitu hata Jumapili, nikitoka kanisani, na mke wangu akalalamika kwamba nyumba imejaa takataka.

Mvua za Novemba zilipoanza, wageni walifika. Mbayuwayu walijaa juu ya migomba, keremkerem, wale wanaokula nyuki, wakapita wakiitana, na kando ya vinamasi wakaja kitwitwi, wale vindege wanaotikisa mkia bila kupumzika. Lakini mfalme wao alikuwa korongo mweupe, mwenye mabawa meusi pembeni na miguu myekundu. Mkaguzi alinieleza kwamba kwao ndege huyu hujenga kiota juu ya paa za nyumba, na baridi inapoingia, asipate mdudu hata mmoja, huruka mpaka kwetu. Nikamwambia kwamba siku zote nilidhani korongo ni wa kwetu.

"Ni wenu nusu mwaka," alisema. "Mtunzeni."

Nilimpenda mzee yule kwa neno hilo. Sijaona tena mtu aliyeweza kusimama saa nzima kwenye manyunyu, mguu ukimuuma, akimtazama ndege akila.

Na kweli korongo alikuwa msaidizi wetu. Akizunguka juu angani, yuko safarini, mwache. Lakini ukiwaona mia wametua, wanatembea kwa mstari majanini, vichwa chini, ujue wanakula, na mara nyingi chakula chao ni tunutu. Kwa njia hiyo nilivumbua makundi matatu kabla hayajaota mabawa. Bwana Shamba wa Bukoba akatuma salamu zake kwa maandishi, nikasomewa mbele ya wenzangu. Nikavimba kichwa.

Msimu uliofuata, siku moja saa sita mchana, nikiwa juu ya kilima Kibingo, niliona korongo ng'ambo ya bonde. Walikuwa wengi mno, mstari mrefu, vichwa chini. Kati yangu na wao palikuwa na mteremko mkali na kinamasi cha kufika kiunoni, na mvua ilikuwa inanyesha. Sikushuka. Niliandika palepale: "Tunutu, kundi kubwa," nikampa tarishi karatasi, nikarudi nyumbani kukausha miguu.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nafunga viatu ili niwafuate watu wa chambo bondeni. Chambo kilikuwa pumba zilizochanganywa na sumu na kunyunyizwa majanini. Tunutu akila, anakufa, na chochote kinachomla tunutu huyo kiko hatarini. Mke wangu akaingia na kikapu, miguu imelowa umande. Kikapu kilijaa senene.

Kwetu, msomaji wa mbali ujue, senene, panzi wa kijani wenye mabawa, ni chakula cha heshima. Wanawake huwaokota alfajiri, mabawa yao yakiwa bado mazito kwa umande, na mume anayeletewa senene humnunulia mkewe nguo mpya. Nilimpongeza, nikamuuliza amewapata wapi. Akataja bonde lile.

"Mwaka huu wamejaa ajabu, Baba Koku," akasema. "Hata korongo wanatugombania. Mimi nimewahi kurudi, wenzangu bado wako huko."

Mimi, niliyelelewa kwa senene, ninayejua tangu utoto kwamba korongo anawapenda kama tunavyowapenda sisi, nilikuwa nimeandika tunutu kwa sababu sikutaka kulowa. Na watu wa chambo walikuwa wameagizwa kuanza asubuhi ileile.

Nilikimbia. Kinamasi nilichokiogopa siku ile nilikivuka bila kuhisi maji. Nilipotokea ng'ambo, wabebaji walikuwa wamemaliza gunia la kwanza upande wa chini, na hatua chache kutoka kwao wanawake walikuwa wameinama, wanaokota. Nikamwambia nyapara wa chambo asimamishe kazi. Alikuwa mtu wa utaratibu. Akanijibu kwamba karatasi inasema tunutu, na yeye hufuata karatasi, hafuati mtu aliyelowa.

Basi nikachana ukurasa wa daftari, nikaandika: "Hakuna tunutu. Nimekosea. Ni senene." Nikatia sahihi yangu. Sikuwa na ruhusa ya kuzuia kazi iliyoamriwa na Mkaguzi, na nilijua karatasi ile ingeweza kunifukuzisha kazi. Nyapara aliisoma mara mbili, akaikunja, kisha akapiga filimbi.

Kulikuwa na kazi ngumu zaidi. Senene wote waliookotwa asubuhi ile ilibidi wafukiwe, kwa sababu hakuna aliyejua nani amepita upande gani. Niliwaeleza wanawake mimi mwenyewe, nikiona aibu hadi masikioni. Bibi Nyamwiza, mkubwa wao, alikumbatia kikapu chake kwanza. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia kosa ni langu.

"Marahaba, mwana wange," akasema. "Ulikuwa wapi ulipowaona hao nzige wako?"

Nikamwonyesha kilima. Alikitazama muda, akanitazama mimi, akamwaga senene wake shimoni. Wengine wakamfuata. Niliporudi nyumbani nikafukia na kikapu cha mke wangu.

Mchana nilisimama mbele ya Mkaguzi na karatasi zangu mbili, alizonirudishia nyapara, nikamweleza na habari ya wanawake. Alizilaza mezani pamoja, ile ya kwanza na ile ya pili. Aliuliza nilikuwa umbali gani. Nikamjibu, mteremko mmoja na kinamasi. Akasugua goti lake bovu. Nilikuwa nimekwisha kutoa kopo na fimbo ili nimrudishie.

"Umewafahamu wale wanawake?" aliuliza.

Nikasema ndiyo.

"Andika majina yao kwenye daftari. Wote. Halafu rudi kwenye njia yako."

Niliandika majina kumi na moja, la mke wangu likiwa la kwanza. Wino ulienea kwenye jina la Bibi Nyamwiza.

Mkaguzi aliondoka wakati wa vita, na wakubwa waliomfuata hawakujali manyoya wala maganda. Nilimaliza utumishi wangu Nyakatuntu, miaka michache kabla ya Uhuru, magoti yaliposhindwa vilima. Nashukuru kwa kazi hiyo. Ilinilipa ili nitazame dunia, na hadi sasa Novemba ikifika natoka na kigoda uani kuwangoja wageni.

Daftari bado ninalo. Hakuna aliyedhurika siku ile; wale wanawake wengi wametangulia kwa umri tu, lakini watoto na wajukuu wao ninawajua wote. Siku za gulio hunikuta njiani wakaniamkia, nami huitikia, huku nikiwatazama mmoja mmoja. Juzi kijana mmoja wa ukoo wa Nyamwiza, mwenye mtoto mgongoni, aliniuliza kwa upole, "Mzee, mbona ukinishika mkono huniachii?"

Nikamwambia ni uzee.