Naunga Mkono Hoja

Mke wangu ni diwani, na mimi ni mume wa diwani, cheo ambacho hakina kiti, hakina joho, na siku za kikao hakina hata chai. Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu, nikadhani sasa nitapumzika na maneno ya watu. Kumbe ndiyo kwanza nyumba yangu ilikuwa inaanza kuongea kama ukumbi wa halmashauri. Nikisema mboga imepungua chumvi, mke wangu ananijibu kutoka jikoni kwamba anaunga mkono hoja. Nikisema mbuzi wa jirani wafungwe, anataka kujua hoja hiyo imepita kamati gani. Nilicheka mwanzoni, halafu nikazoea.

Katika baraza letu la madiwani kuna namna ya kusema ambayo hakuna aliyeiandika lakini kila mmoja anaifuata. Diwani akisimama humshukuru Mungu kwa uhai, humshukuru mwenyekiti kwa nafasi, humpongeza mkurugenzi na wataalamu wake kwa kazi nzuri, ndipo huanza kusema alichotaka kusema. Akimaliza, hata kama ameichanachana hoja hiyo mpaka haina pa kushonea, atafunga kwa maneno haya: naunga mkono hoja. Ni kama Amina. Nimemsikia kwa masikio yangu mheshimiwa mmoja akisema mpango wa soko ni wa kipuuzi tangu ukurasa wa kwanza, kisha akauunga mkono na kuketi, na wenzake wakampigia meza.

Kata yetu iko kusini mwa Tabora, nchi ya tumbaku na nyuki, na katikati yake imelala mbuga. Kiangazi unaivuka kwa baiskeli bila hata kujua umevuka kitu, ni majani makavu na udongo mweusi uliopasuka. Mvua zikikolea inageuka maji matupu, na upande wa pili kuna kitongoji kizima cha watu. Watu hao walichoka kuwaona watoto wao wadogo wakivuka kwenda shule, wakafyatua matofali, wakayachoma, wakajenga vyumba viwili vya darasa upande wao. Serikali ikawapa mwalimu na ikavitambua kuwa shule shikizi, yaani tawi la shule mama, kwa ajili ya watoto wa madarasa ya mwanzo ambao miguu yao bado ni mifupi. Kwenye kampeni mke wangu alisimama mbele ya vyumba hivyo, akawaambia kwamba akiwa yeye diwani shule ile haitafungwa. Wakampa kura zao, karibu zote.

Sasa kamati ya elimu ikaleta hoja. Walimu ni wachache, ilisema, shule mama inalemewa kugawana walimu na tawi lake, kwa hiyo tawi lifungwe na watoto warudi kusomea shule mama kuanzia Januari. Hoja ingeamuliwa kwenye kikao cha baraza zima. Mke wangu alipopata habari hakula mchana huo. Si hoja iliyomsumbua, maana hoja huja na hupita, ilimsumbua ahadi yake.

Tulijiandaa uani, tukibangua karanga. Yeye alisema, mimi nikasikiliza kwa sikio la mwalimu na kumfyekea shukrani. Nilimwambia muda wa kuchangia ni mfupi, akimaliza kuwapongeza wataalamu kengele itakuwa imelia. Akanikatalia, akasema mtu asiyeshukuru anaonekana hana adabu, na asiye na adabu hasikilizwi. Tukapatana: abaki Mungu na mwenyekiti, wengine watashukuriwa siku nyingine. Mwisho wake niliutunga mwenyewe na nikamfanya aurudie mpaka karanga zikaisha: naliomba baraza lako liikatae hoja hii. Aliusema vizuri sana, kwa sauti ya chini, na mimi nilijisikia fahari kana kwamba napeleka mwanafunzi kwenye mashindano.

Siku ya kikao nilimpakia kwenye pikipiki, joho lake likiwa limekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni ili vumbi lisiingie. Barabara yetu ndiyo ile ile waliyopita wapagazi na meno ya ndovu, ila siku hizi wanaopita ni bodaboda na magunia ya mkaa. Njiani nilimsikia mgongoni akinong'ona hotuba yake.

Wageni hukaa nyuma ya ukumbi, kwenye viti vya plastiki. Nilimkuta pale mama mmoja wa ng'ambo ya mbuga, mfuga nyuki kama mumewe, ambaye kitindamimba wake alikuwa anasoma darasa la kwanza katika ile shule shikizi. Alikuwa ameendesha baiskeli tangu alfajiri, na chini ya kiti chake kulikuwa na chupa ya asali iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, kisha tukaendelea kwa Kinyamwezi. Hakuwahi kuona kikao cha baraza. Nikamwonyesha nani ni mwenyekiti, nani ni mkurugenzi anayeandika yanayosemwa, na kwa nini watu wazima wale wamevaa majoho kwenye joto lile. Hilo la mwisho sikuweza kulieleza vizuri.

Zikasomwa dua na sala, zikathibitishwa kumbukumbu za kikao kilichopita, zikaja taarifa za kata moja baada ya nyingine. Ng'ombe wanaingia kwenye eneo la kituo cha afya. Kisima kimoja kimekauka, kingine kina chumvi. Mheshimiwa mmoja mnene alisinzia waziwazi, mikono juu ya tumbo. Yule mama alikuwa akisikiliza kila taarifa kwa makini ambayo hata madiwani hawakuwa nayo, na kila alipotajwa mtoto au maji aliguna kidogo.

Hatimaye ikaja hoja ya shule. Mwenyekiti wa kamati ya elimu akaisoma, mwingine akaiafiki, na mke wangu akaomba kuchangia.

Nimeishi naye miaka mingi na sikujua kwamba anaweza kusema vile. Hakupandisha sauti. Aliwaeleza mbuga ile wiki kwa wiki, kuanzia unyevu wa kwanza kwenye nyasi mpaka pale maji yanapomfikia mtu mzima kiunoni, kisha akawauliza mtoto wa darasa la kwanza yanamfikia wapi. Akasema watu wale hawakuomba kujengewa, walijijengea, na kwamba kuwafungia shule ni kuwaambia wasijaribu tena jambo lolote. Mheshimiwa mnene aliamka. Mkurugenzi aliacha kuandika akainua macho. Yule mama pembeni yangu alikuwa akiitikia chini kwa chini, eee, eee, kama mtu anayesikia habari zake mwenyewe zikisimuliwa bila kosa. Midomo yangu ilikuwa imeshatangulia, inasubiri kutamka naye ule mwisho.

Kengele ya muda ikalia. Mke wangu akashtuka, akatazama juu, akapoteza uzi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema haraka, "baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja."

Wakampigia meza. Akaketi, akajifuta jasho kwa upindo wa joho, akiwa ameridhika kabisa. Hakuwa amesikia alichokisema.

Yule mama alinigeukia. "Mwalimu, mbona amewaunga mkono?"

Nikamweleza kwamba ndivyo wanavyosema humu, ni mazoea tu, hakumaanisha.

"Na yale ya mbuga," akaniuliza, "yale alimaanisha?"

Maisha yangu yote nimewaambia watoto kwamba neno lina kazi, na neno lisilo na kazi lifutwe. Pale nilipoulizwa swali hilo nikatazama mbele.

Mwenyekiti wetu si mjinga, na sitamsingizia ubaya. Alitaka hoja ipite, na hapo akapewa njia. Akamshukuru mheshimiwa kwa mchango wake mzito, akasema kwa kuwa hata mwenye kata ameunga mkono, yeye haoni sababu ya kuendelea na mjadala. Watu wakacheka. Ndipo mke wangu alipoinua kichwa, taratibu, akanitafuta kule nyuma. Nilikuwa nimeinuka nusu. Mgambo wa mlangoni akaninyooshea kidole, maana mgeni haruhusiwi kusema lolote, nikakaa. Nilikuwa na hasira kwelikweli, nilimkasirikia mwenyekiti, nikaikasirikia kengele, na yeye mke wangu nilimkasirikia kuliko wote, kisha nikaona jinsi uso wake ulivyobadilika, hasira yote ikaniishia.

Akasimama akaomba kusema kuhusu utaratibu wa kikao. Mwenyekiti akamuuliza kanuni ya ngapi.

"Namba yake siijui," akasema. "Nimeteleza ulimi, Mheshimiwa. Nimesema kama tunavyosema sote kila siku. Siungi mkono hoja hii, na naomba nisihesabiwe huko."

Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba mjumbe huchangia mara moja tu katika hoja moja, ameshachangia, na maneno yake yameshaingia kwenye kumbukumbu. Nilisubiri mwingine asimame. Asubuhi ile ile, pale nje, madiwani wawili watatu walikuwa wamemshika mkono mke wangu wakamwambia wako naye. Sasa mmoja alikuwa anafunga kalamu yake, mwingine anaifungua.

Babu yangu alitusimulia habari za misafara kama alivyozipata kwa babu yake. Alisema kiongozi wa msafara akipaza sauti kule mbele, wapagazi walikuwa wakiitikia mmoja baada ya mwingine mpaka mkiani. Wa mwisho hakuwa amesikia kilichosemwa. Aliitikia kwa sababu wa mbele yake ameitikia, na mzigo ulikuwa kichwani, na jua lilikuwa kali. Tulipokuwa wadogo tulilicheka sana jambo hilo.

Wanaoafiki wakatakiwa waseme ndiyo, ikatoka ndiyo moja nene, ya pamoja. Wasioafiki wakatakiwa waseme siyo. Siyo ilikuwa moja, ya mwanamke. Mwenyekiti akatangaza kwamba waliosema ndiyo wameshinda.

Sisemi kwamba asingeteleza hoja ingeanguka. Walimu walikuwa wachache kweli, na watu wale hawakuwa na roho mbaya. Lakini mjadala ulifungwa kwa maneno yake yeye, na hilo nimelizungusha kichwani mara nyingi bila kupata pa kuliweka.

Kikao kilipoahirishwa, alitoka nje bila kuvua joho na kumfuata yule mama, aliyekuwa anafunga mfuko wake kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Nilikuwa karibu, nawasha pikipiki isiyotaka kuwaka.

"Nyumbani wataniuliza," yule mama alisema. "Niwaambie umesema lipi?"

"Waambie yote mawili," mke wangu akasema. "Anza na lile la kwanza."

Yule mama akaitikia kwa kichwa. Akainama, akachukua chupa ya asali akampa, kwa sababu alikuwa amemletea yeye na hakuona maana ya kurudi nayo. Halafu akapanda baiskeli akaenda zake.

Tangu siku hiyo maneno yale hayajasikika nyumbani kwetu. Mboga ikipungua chumvi naongeza mwenyewe. Kwenye kikao kilichofuata mke wangu alichangia habari ya barabara, akaikubali waziwazi, akamaliza, akaketi. Wenzake wakabaki wameinua mikono wakisubiri kupiga meza, na mwenyekiti akamtazama kama mtu anayesubiri chenji. Hakumpa.

Mvua mwaka huo ziliwahi. Januari shule zilipofunguliwa, wazee wa kitongoji wakaamua kwamba kila asubuhi watu wazima waingie majini wapange mstari, wameshikana mikono kutoka ukingo hadi ukingo, na watoto wapite upande wa juu wakishikilia mikono hiyo ili mkondo usiwachukue. Mke wangu aliposikia akasema anakwenda. Hakuitwa, na mimi nilimwambia hivyo. Nilimpeleka nikinung'unika, suruali nimeikunja magotini, tukafika kumepambazuka.

Mstari ulikuwa umeshapangwa, ila karibu na upande wetu palibaki pengo. Aliyekuwa mwisho wa mstari, maji yakimfika kiunoni, alikuwa yule mama. Ng'ambo watoto walisimama na sare zao wamezifunga vichwani, wakisubiri. Yule mama alimtazama mke wangu pale ukingoni kwa muda. Sikuona chuki usoni mwake, na sikuona msamaha. Kisha akanyoosha mkono wake mtupu.

"Haya, mheshimiwa," akasema. "Unga mkono."

Mke wangu aliingia majini na viatu vyake, akaushika.